Uzi wa gemu ya saba: mnaosema Pacers wana upepo, upepo gani huo?

Chalii wa Sakina
Ijumaa 20 Juni 2025, saa 1:10 asubuhi

Wakuu, kwema? Naandika ndani ya kifodi, shingo imekaa upande, baridi ya Arusha ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe, na usingizi nimeutoa sadaka kwa gemu iliyokwisha robo ya pili. Ilikuwa ya sita ya fainali ya kikapu ya NBA, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa: Pacers wa Indiana 108, Thunder wa Oklahoma City 91. Tatu kwa tatu. Hukumu ni Jumatatu saa tisa usiku.

Sasa nimefungua simu, kila kona neno moja: "Pacers wana upepo." Yaani eti ushindi wa leo utawabeba mpaka gemu ijayo. Magrupu yote upepo. Konda wa hiki kifodi hajui hata kikapu kimoja kina pointi ngapi, naye upepo.

Twende taratibu. Gemu ya kwanza Pacers walishinda 111-110, nyota wao Haliburton kafunga ikiwa imebaki sekunde 0.3. Gemu nzima hawakuwahi kuongoza ila hicho kipande cha sekunde. Kama kuna upepo duniani, ndio huo. Gemu ya pili wakapigwa 123-107. Ya tatu wakashinda 116-107, watu wakaimba upepo tena. Ya nne Thunder wakachukua 111-104 palepale Indianapolis. Ya tano Thunder tena, 120-109, upepo ukahamishiwa Oklahoma City na kila mtu akawa ameshawachimbia Pacers kaburi. Leo wamefufuka kwa tofauti ya pointi 17.

Gemu sita, na ni mara moja tu timu imeshinda mbili mfululizo. Upepo gani huu unaoshuka kwenye ndege kabla haijaruka? Mnaoamini njooni na hoja, mzuka uacheni nyumbani.

Mtori wa Moto
Ijumaa, saa 1:32 asubuhi

Mangi, kukosa usingizi kumekuondolea adabu. Salamu toka Moshi.

Uliona mwanzo wa gemu ya leo, au ulikuwa unachemsha chai? Pacers walirusha mara nane za mwanzo, zote nje. Thunder 10, wao 2. Hapo nikasema basi, narudi kulala. Nikanyanyua blanketi, nikashusha, nikasema ngoja kidogo. Mapumziko 64-42. Robo ya tatu inaisha 90-60. Thelathini aisee! Dhidi ya timu iliyoshinda 68 na kufungwa 14 tu msimu wa kawaida.

Kitu kilichotokea pale katikati kina jina. Bibi yangu kule Kibosho anakwambia mvua inakuja kabla hujaona wingu, na nguo zinaanuliwa. Hatumwombi ushahidi.

Mkeka Umechanika
Ijumaa, saa 1:40 asubuhi

Mimi niliweka Thunder wanamaliza leo. Swali langu ni la kitaalamu tu: mkeka uliochanika unashonwa?

Mlinzi wa Njiro
Ijumaa, saa 2:05 asubuhi

Heshima kwenu wote. Kazi yangu ni lindo la usiku, kwa hiyo fainali hizi sijaruka hata dakika moja, na bosi kama unasoma hapa, geti nalo nilikuwa naliangalia.

Nawaambia nilichokiona. Shai, nyota wa Thunder, leo kapoteza mpira mara 8. Shai huyuhuyu ambaye gemu ya nne alifunga pointi 15 ndani ya dakika tano za mwisho, Thunder wakiwa nyuma na timu nzima imefunga mitupo ya mbali ya pointi tatu mara 3 tu usiku ule. Mtu wa namna hiyo hatetemeki kwa kelele. Tatizo lake leo lilikuwa Nembhard wa Pacers, anayempokea huko mbali kabisa, kabla hata hajavuka katikati. Akimtoroka huyo, Nesmith yupo. Akiingia ndani anakuta mikono. Mpira ukiporwa tu, hao wamekimbia. Toppin katoka benchi kaweka 20.

Mnaita upepo. Mimi naita kukabwa. Na mlinzi anajua kukabwa ni nini.

Bibie wa Rau
Ijumaa, saa 2:48 asubuhi

Ngoja niwape cha kutafuna na chai.

Thunder na Denver, raundi ya pili: wakafungwa, wakashinda, wakafungwa, wakashinda, wakashinda, wakafungwa.

Thunder na Pacers mpaka leo: wamefungwa, wameshinda, wamefungwa, wameshinda, wameshinda, wamefungwa.

Zinalandana kama mapacha. Na baada ya ile ya sita Denver nao walivikwa huo upepo wenu, 119-107, nyota wao Jokić huyo anakuja. Gemu ya saba wakala 125-93. Mtoano huu mzima Thunder hawajapoteza mbili mfululizo. Mimi nimemaliza, naenda sokoni.

Mtori wa Moto
Ijumaa, saa 2:55 asubuhi

Dada, hiyo ni ramli.

Chalii wa Sakina
Ijumaa, saa 2:57 asubuhi

Na upepo ni sayansi?

Kocha wa Pasua
Ijumaa, saa 7:20 mchana

Wanangu, mwaka wa tisa huu nafundisha kikapu mabinti wa sekondari hapa Moshi, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa ninazozijua moja moja. Naomba niseme ninachokiona pale.

Binti akifunga mara tatu mfululizo, wa kwanza kubadilika ni anayemkaba. Aliyekuwa anamwachia nafasi sasa anamkanyaga vidole. Wenzake wanne wanaacha kukimbia, wanasimama kutazama kana kwamba wamelipa kiingilio. Yeye mwenyewe anarudi nyuma hatua moja, mara mbili, anarusha kutoka mahali ambapo mazoezini nilishamkataza. Anakosa. Wazazi pembeni: "Aah, upepo umekata." Hakuna kilichokata. Mtupo umekuwa mgumu, na kaupanda huo ugumu mwenyewe.

Chalii, usishangilie bado. Kwenye kukaba, huo upepo naukubali. Ukimpora mtu mpira mara mbili, ya tatu haangalii tena kikapu, anaangalia mikono yako. Nimeona mabinti wazuri wanasahau hata kudunda. Kumbukeni gemu ya tatu: McConnell wa Pacers katoka benchi, kapora mipira mitano, mingine pale mpira unaporushwa tu kuanzishwa. Anajibanza kama paka wa jikoni. Baada ya hapo Thunder hawakuwa na raha hata ya kurushiana. Gemu hiyohiyo Mathurin kafunga 27 kwa dakika 22, naye toka benchi. Huo ni ule mguu uliopumzika unaokutana na mguu uliochoka, na ukiwa ndani ya uwanja unausikia kabisa.

Ila hausafiri. Watu wakishalala usiku mmoja, na makocha wakakaa na mikanda ya video, umekwisha. Carlisle, kocha wa Pacers, alibeba ubingwa na Dallas mwaka 2011, na Daigneault wa Thunder naye si mtoto. Hawa hawakubali kupigwa kwa njia ileile mara mbili.

Jicho langu Jumatatu halitakuwa kwenye upepo. Litakuwa kwenye kigimbi cha Haliburton. Gemu ya tano aliumia mguu wa kulia, karusha sita na hakufunga hata moja, pointi zake 4 zote za mitupo ya adhabu. Leo kacheza dakika 23 tu kwa sababu gemu ilishakufa. Kigimbi hakiponi kwa siku tatu.

Mtori wa Moto
Ijumaa, saa 7:41 mchana

Shikamoo Kocha. Wewe sikubishii, nitakuja uwanjani tuongee. Ila huyu Chalii nambishia. Fainali ya 2016 Cleveland walikuwa nyuma tatu kwa moja, mbele yao Golden State ya ushindi 73. Wakashinda ya tano, ya sita, na ya saba ugenini 93-89. Tatu mfululizo, mangi! Ndege ilipaa na upepo wake ndani.

Chalii wa Sakina
Ijumaa, saa 8:15 mchana

Draymond Green wa Golden State alifungiwa gemu ya tano. Bogut mwenzake akaumia goti gemu hiyohiyo, hakurudi tena. LeBron na Kyrie wa Cleveland wakafunga 41 kila mmoja usiku mmoja. Hayo yote unayafunika kwa shuka moja unaliita upepo.

Na mimi nakupa Boston 2023. Walikuwa nyuma tatu bila mbele ya Miami. Wakashinda ya nne, ya tano, ya sita wakashinda kwa pointi moja, 104-103, Derrick White karudishia mpira ndani saa ikiwa inazima. Gemu ya saba nyumbani kwao. Nitajie upepo mkubwa kuliko ule tangu mchezo huu uanze. Walifungwa 103-84. Tena nyumbani.

Mkeka Umechanika
Ijumaa, saa 8:19 mchana

Usinikumbushe Boston 2023.

Babu Kaloleni
Jumamosi 21 Juni, saa 4:10 asubuhi

Wajukuu, mimi niliingia Thunder kwa ajili ya Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, na Memphis, mwaka 2009, mwaka 2012 akatua Oklahoma City akakaa misimu miwili. Alipoondoka mimi nilibaki, kama mtu aliyesindikiza harusi akalala hukohuko.

Kabla tu hajafika, Thunder walikutana na San Antonio iliyokuwa imeshinda gemu kumi na nane mfululizo, na mbili za kwanza za Thunder zikafanya ishirini. Ishirini! Thunder wakiwa nyuma mbili bila hivyo, kisha wakashinda nne mfululizo. Kwa hiyo upepo ukawa wao, sivyo? Wakaenda fainali na Miami, wakashinda ya kwanza. Kisha wakafungwa nne mfululizo. Durant, Westbrook na Harden, nyota wa Thunder siku hizo, walikuwa benchi moja pale na hawakupata tena fainali wakiwa pamoja.

Mimi sina nadharia. Tangu siku hizo nikisikia neno upepo nafunga dirisha.

Mwalimu wa Hesabu
Jumamosi, saa 2:30 usiku

Nimesoma uzi wote nikisahihisha madaftari. Mnabishana kitu ambacho wenzetu wamebishana miaka 40.

Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichukua mitupo ya Philadelphia 76ers na ya wachezaji wa chuo cha Cornell, wakauliza: aliyefunga mara mbili tatu mfululizo, mtupo unaofuata anafunga zaidi? Wakajibu hapana, ni macho yetu tu. Kwa miaka zaidi ya thelathini kila mwerevu akawacheka mashabiki.

Halafu mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba kipimo chenyewe kilikuwa kimepinda. Chukueni sarafu ya 200, upande wa Karume tuuite K, upande wa simba S. Rusha mara tatu. Mipangilio ni minane. Kwa kila mpangilio jiulize: baada ya K, asilimia ngapi ilifuata K tena? KKK ni 100. KKS ni 50. KSK ni 0. KSS ni 0. SKK ni 100. SKS ni 0. SSK na SSS hazina jibu, maana hakuna kilichofuata baada ya K. Jumlisha 250, gawanya kwa 6. Unapata kama 42, wala si 50, na sarafu haina kosa lolote.

Maana yake, mchezaji akipimwa hivyo akaonekana yuko sawasawa na kawaida yake, kwa kweli alikuwa na moto kidogo. Kwa hiyo bibi wa Kibosho hakuwa amekosea kabisa. Ila ni moto wa mtu mmoja, usiku mmoja. Wa kutoka gemu ya sita kwenda ya saba sijaona hesabu inayoutetea. Jumatatu mimi naangalia kitu kimoja: gemu ya saba ya fainali imeshachezwa mara 19, mwenyeji kashinda 15, na mwenyeji Jumatatu ni Thunder.

Mtori wa Moto
Jumamosi, saa 2:52 usiku

Mwalimu nimerusha hiyo sarafu mara tatu, imeingia chini ya kabati. Nidai.

Haya Chalii, maneno yatosha. Pacers wakichukua, unapanda basi kuja Moshi kwa nauli yako na unaninunulia mtori wiki nzima. Wakifungwa, nauli yako natoa mimi, mtori wangu, na nyama juu.

Chalii wa Sakina
Jumamosi, saa 2:54 usiku

Nimekubali. Kocha ni shahidi.

Mlinzi wa Njiro
Jumatatu 23 Juni, saa 9:14 usiku

Tupo. Makoti mawili. Haliburton kapiga tatu ya mbali. Kapiga nyingine.

Mtori wa Moto
Jumatatu, saa 9:20 usiku

Ya tatu hiyo! Pointi 9! Chalii uko wapi, au bando limeisha?

Mlinzi wa Njiro
Jumatatu, saa 9:24 usiku

Kaanguka. Hakuna aliyemgusa. Anapiga sakafu kwa kiganja.

Kocha wa Pasua
Jumatatu, saa 9:26 usiku

Mguu uleule. Hiyo ni kano ya kisigino, jamani. Nimeiona mara moja uwanjani kwangu, mtu anageuka nyuma kutafuta nani kampiga teke. Mungu wangu.

Bibie wa Rau
Jumatatu, saa 9:31 usiku

Nimezima sauti. Siwezi.

Chalii wa Sakina
Jumatatu, saa 9:33 usiku

Hapana jamani, si hivi nilivyotaka.

Mkeka Umechanika
Jumatatu, saa 10:20 alfajiri

Mapumziko, Pacers 48, Thunder 47. Bila Haliburton! Nielezeni hapo, nyie wa sarafu na nyie wa bibi.

Mlinzi wa Njiro
Jumatatu, saa 11:05 alfajiri

Robo ya tatu Thunder 34, Pacers 20. McConnell peke yake kaweka 12 kati ya hizo 20. Anakimbia kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho. Wengine miguu imekataa. Chet wa Thunder anazuia kila kitu pale chini.

Chalii wa Sakina
Jumatatu, saa 11:48 alfajiri

103-91. Thunder mabingwa. Shai 29 na asisti 12. Chet kazuia mitupo mitano, rekodi ya gemu ya saba ya fainali. Mathurin naye amepigana, 24 na rebaundi 13. Sina hamu ya kutamba.

Mtori wa Moto
Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Nitasema hata mkinipiga mawe. Yule kijana alikuwa amewaka. Pointi 9 ndani ya dakika saba, kwa mguu mmoja. Upepo ulikuwepo nimeuona kwa macho yangu, na uliangukia pale alipoangukia. Asingeumia tungekuwa tunaongea mengine. Kwa hiyo dau limefutwa, haki ya Mungu. Gemu haikuchezwa ile tuliyowekeana.

Chalii wa Sakina
Jumatatu, saa 12:38 asubuhi

Asingeumia sijui ingekuwaje, na wewe hujui. Ila mapumziko waliongoza bila yeye. Upepo uliokaa uwanjani dakika kumi na saba baada ya mwenyewe kubebwa ni upepo wa nani? Hapo walikuwa wanakaba tu, Mlinzi alishasema tangu Ijumaa.

Babu Kaloleni
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Miaka kumi na tatu nimeisubiri hii. Mke wangu ananiuliza ninalia nini na chai haijaiva.

Mtori wa Moto
Jumatatu, saa 1:22 asubuhi

Hongera Babu. Kweli, hongera. Kocha, toa hukumu ya dau.

Kocha wa Pasua
Jumatatu, saa 7:05 mchana

Mwanangu, kigimbi nilikitaja Ijumaa, na dau uliliweka Jumamosi ukiwa umeshasoma. Mliandikiana nani atashinda, hamkuandikiana nani atakuwa mzima. Lipa.

Upepo wako nakuachia. Zile pointi 9 za mwanzo mimi pia zilinisimamisha kwenye kiti.

Mtori wa Moto
Jumatatu, saa 7:11 mchana

Sawa Kocha. Chalii, nitumie namba ya simu inboksi, nauli ya kuja tu. Kurudi utajitegemea, dau halikutaja kurudi.

Chalii wa Sakina
Jumatatu, saa 7:13 mchana

Jamani Wamoshi na hela! Jumamosi saa nne nipo stendi. Na nyama juu, nimeihifadhi hiyo posti.